Kizazi, Uvimbe na Kovu: Historia Fupi ya Maneno ya Upasuaji wa Mji wa Mimba

Katika kazi ya istilahi tumezoea kuletewa orodha. Wizara fulani, chuo fulani, au mfasiri aliyekwama hutuandikia akitaka Kiswahili cha maneno hamsini, nasi huketi, tukapekua kamusi, tukabishana, tukarudisha majibu. Makala haya hayakutokana na orodha ya namna hiyo. Yametokana na neno moja lililoandikwa kwa kalamu juu ya kadi ya kliniki ya mama mjamzito huko Makambako. Neno lenyewe ni uvimbe.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hugawanyika hapo, mkono mmoja ukielekea Njombe na Songea. Na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, inapita hapo hapo. Njombe mjini iko umbali wa kilomita 60 hivi kwa upande wa kusini. Miji yote miwili ilikuwa chini ya mkoa wa Iringa mpaka mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012. Mahali penye njia nyingi kama hapo, mgonjwa husafiri na karatasi zake, na karatasi hizo husomwa na watu wasiojuana. Aliyeandika yuko huku, anayesoma yuko kule, na kati yao hakuna ila neno.

Mama tunayemzungumzia alikuwa amepita miaka thelathini na alikuwa na mimba yake ya kwanza, aliyoingoja kwa muda mrefu. Miaka miwili kabla yake alikuwa amepasuliwa katika hospitali ya mkoa mwingine na kuondolewa fibroidi. Alipokwenda kuandikishwa kliniki aliulizwa kama amewahi kuzaa kwa operesheni. Akajibu hapana, na jibu lake lilikuwa la kweli kabisa. Muuguzi alipompima tumbo akaona kovu juu ya kinena, akamwuliza kulikoni. Mama akasema, "Walinitoa uvimbe." Muuguzi akaandika katika kadi: "Historia ya uvimbe."

Mimba ilipokaribia kutimia, mama alipelekwa kituo kikubwa zaidi. Huko waliisoma kadi kama ambavyo mhudumu yeyote wa wajawazito angeisoma. Uvimbe kwa mjamzito ni miguu kuvimba, na uso, na vidole. Ni dalili mojawapo inayowatia wahudumu shaka ya kifafa cha mimba. Basi wakampima shinikizo la damu, wakapima mkojo, wakabonyeza miguu.

"Mama, ulivimba lini?"

"Sijavimba, sista. Nilivimba zamani, wakanitoa."

Jibu hilo halikueleweka. Vipimo vyote vikawa vyema, naye akaambiwa arudi nyumbani akangoje uchungu. Aliyeokoa mambo ni mama mkwe wake, aliyekuwa akimngoja nje. Alipohadithiwa yaliyosemwa ndani, alishangaa kwamba kizazi hakikutajwa hata mara moja. Akaingia mwenyewe, akatoa salamu ya "Kamwene," akasema mkwewe alipasuliwa kizazi na kwamba daktari wa kule alimwonya asije akangoja uchungu nyumbani. Hapo ndipo daktari alipoitwa. Mama alipangiwa siku katika wiki ya 38, akajifungua kwa upasuaji mtoto wa kike, na wote wawili walitoka salama.

Vituo hivyo hatuvitaji, kwa sababu kosa lenyewe lingeweza kutokea popote ambapo Kiswahili huandikwa kwa haraka. Muuguzi wa kwanza aliandika alichoambiwa. Wa pili alisoma kilichoandikwa. Lililowaangusha wote ni msamiati, na msamiati ni kazi yetu. Kwa hiyo tuliona yafaa kuuliza maneno haya yalitoka wapi na yalifikaje hapa yalipo.

Tuanze na kiungo chenyewe. Kiswahili hakikosi majina yake; kina mengi kupita kiasi. Tunasema mji wa mimba, nyumba ya uzazi, mfuko wa uzazi, tumbo la uzazi, na katika mazungumzo ya kila siku, kizazi. La kwanza lina uzuri wake. Wavaaji wa kanga wanajua kwamba kanga ina pindo na ina mji, na mji ndio sehemu ya katikati inayozungukwa na pindo. Yule aliyekiita kiungo hiki mji wa mimba alikuwa na jicho la namna hiyo hiyo: ni mahali pa ndani penye mipaka, panapokaliwa. Neno mfuko ni la kisasa zaidi na linatumika sana katika vijitabu vya afya, lakini lina kasoro ambayo daktari wa upasuaji huiona mara moja. Mfuko ni kitu chepesi, chenye ngozi nyembamba, kisichokuwa na nguvu yake mwenyewe. Mji wa mimba ni msuli mnene. Nje ya ujauzito una uzito wa gramu 60 au 70 hivi. Mimba inapotimia hufikia kilo moja. Kama ungekuwa mfuko mtupu, habari ya fibroidi na ya makovu isingekuwapo kabisa.

Kizazi ni neno pana zaidi. Lina maana ya watu wa rika moja la wakati, lina maana ya uwezo wa kuzaa, na lina maana ya kiungo. Kwa mwanaisimu huo ni utajiri. Kwa mgonjwa aliyelala kitandani waweza kuwa hatari. Hebu tutazame jinsi linavyotumika hospitalini. Kufunga kizazi ni kufunga mirija ili mtu asizae tena. Kusafisha kizazi ni kutoa mabaki ya mimba iliyoharibika. Kushuka kwa kizazi ni kiungo kutoka mahali pake. Shingo ya kizazi, au mlango wa kizazi, ni sehemu ya chini ya kiungo hicho, na tangu chanjo ya kuzuia saratani yake ilipotolewa nchini kote mwaka 2018 hakuna mzazi wa binti asiyeisikia. Katika semi hizi zote kizazi ni kiungo, isipokuwa katika ule wa kwanza, ambapo kinachofungwa ni uwezo. Kisha tunaongeza wa mwisho: kuondoa kizazi, yaani kukata kiungo chote na kukitoa, asipatikane mtoto tena maishani.

Sasa daktari anapomwambia mwanamke kwamba atamwondolea uvimbe wa kizazi, sikio la mwenye hofu hushika neno la kwanza na la mwisho. Katika mazungumzo yetu huko Njombe tulielezwa na akina mama zaidi ya mmoja kwamba walikataa upasuaji kwa mara ya kwanza kwa sababu walisikia kuondolewa kizazi. Walirudi nyumbani na damu ikaendelea kuwatoka kila mwezi mpaka wakaishiwa nguvu. Wala hofu yao haikuwa ya upumbavu, kwa maana upasuaji wa kuondoa fibroidi, damu ikikataa kuzuilika, huweza kweli kumlazimu daktari aondoe kiungo chote ili aokoe uhai. Mgonjwa hana budi kuambiwa mambo yote mawili kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, na hawezi kuambiwa mambo mawili kwa jina moja.

Tukifika kwenye fibroidi yenyewe, tunakuta kwamba wenye lugha zao pia hawakuwa na bahati. Neno hili liliingia katika maandishi ya kitabibu ya Ulaya katika miaka ya 1860, na maana yake ni kitu kinachofanana na nyuzi. Lakini Rudolf Virchow, bingwa wa Kijerumani wa elimu ya maradhi, alikuwa ameonyesha katika karne hiyo hiyo kwamba uvimbe huu kwa asili ni wa msuli, msuli ule ule wa mji wa mimba uliojizidisha mahali pamoja na kufanya donge. Wataalamu wakaunda jina la kisayansi lenye kutaja msuli, lakini jina lisilo sahihi ndilo lililoenea, na leo linatumika duniani kote. Tunalitaja jambo hili kwa ajili ya wenzetu wanaofikiri kwamba istilahi za kigeni zimekamilika na kwamba dosari ni za kwetu peke yetu.

Si saratani, na katika hali iliyo ya kawaida hazigeuki kuwa saratani. Ni nyingi kuliko watu wanavyodhani: uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba wanawake weusi zaidi ya 80 katika kila 100 huwa wameota fibroidi wafikapo umri wa miaka 50, na wanawake wa Kizungu karibu 70. Wengi hawazijui maisha yao yote. Wengine hutokwa na damu nyingi, huhisi uzito chini ya kitovu, hukojoa mara kwa mara, au hukosa kushika mimba.

Kiswahili kililipokea jambo hili kwa neno uvimbe, na hapo ndipo tatizo letu lilipozaliwa. Uvimbe ni kila kitu kilichovimba. Jipu ni uvimbe. Saratani ya titi huanza kama uvimbe. Miguu ya mjamzito ina uvimbe. Zaidi ya hayo, neno hili halipendi wingi. Daktari aliyeondoa donge moja na yule aliyeondoa madonge ishirini, wote wawili wataandika uvimbe, ilhali kwa mimba itakayofuata tofauti ya moja na ishirini ni kubwa mno. Baadhi ya waandishi hujaribu kusema vivimbe. Ni jitihada njema, lakini kiambishi hicho kinapunguza, na fibroidi huweza kuwa na ukubwa wa kichwa cha mtoto. Sisi tunaona fibroidi, iliyokwisha kuvaa irabu yetu mwishoni na kutumika katika umoja na wingi bila kubadilika, imekwisha kujipatia uraia. Kuna wakati wa kuunda neno na kuna wakati wa kulitambua lililokwisha kuingia nyumbani na kuketi.

Yatupasa sasa tusogee kando kidogo, tutazame historia ya kisu chenyewe, kwa kuwa mambo ya kovu hayaeleweki bila hiyo. Watu wengi hudhani kwamba upasuaji wa mji wa mimba uliletwa Afrika Mashariki na hospitali za Wazungu. Mwaka 1879 tabibu Mwingereza, Robert Felkin, alishuhudia huko Kahura, katika nchi ya Bunyoro, mganga wa Kiafrika akimpasua mwanamke kijana na kumtoa mtoto akiwa hai. Pombe ya ndizi ilitumika kumlevya mama na kuoshea mikono ya mganga na tumbo la mgonjwa. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Tumbo lilifungwa kwa pini saba nyembamba za chuma zilizozungushiwa uzi wa gome la mti. Felkin alichapisha habari hizo Edinburgh mwaka 1884, na inaonekana wazi kwamba mganga yule hakuwa akibahatisha. Alikuwa akifuata ujuzi uliozoeleka.

Jambo moja katika habari hiyo linatuhusu sana. Tumbo lilifungwa, lakini mji wa mimba wenyewe haukushonwa. Ulikandwa tu ukanywea. Huko Ulaya nako madaktari wengi walifanya hivyo hivyo mpaka Max Sänger, Mjerumani, alipoeleza mwaka 1882 umuhimu wa kuushona kwa makini. Baadaye, hasa katika miaka ya 1920, Munro Kerr wa Glasgow aliwashawishi wenzake wakate mji wa mimba chini na kwa upana, mahali ambapo msuli ni mwembamba na hautumiki sana wakati wa uchungu, badala ya kukata juu na kwa urefu. Tangu hapo kovu likawa na anwani. Kovu la chini huvumilia. Kovu la juu lina hatari zaidi.

Fibroidi, kwa bahati mbaya, haichagui anwani. Huota popote, na daktari hana budi kukata pale ilipo. Upasuaji wa kuiondoa na kukiacha kiungo mahali pake ulijaribiwa na ndugu wawili, Washington na John Atlee, huko Pennsylvania, Marekani, katika miaka ya 1840. Lakini kwa muda mrefu madaktari waliuogopa kwa ajili ya damu, wakaona ni salama zaidi kuondoa kiungo chote. Aliyebadilisha fikra hizo kuliko wengine ni Victor Bonney wa London (1872–1953). Mkewe mwenyewe aliondolewa kizazi kwa sababu ya fibroidi wakiwa bado wapya katika ndoa, na hawakupata mtoto. Bonney alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwatafutia wanawake wengine njia ya kuepuka jambo hilo. Aliunda koleo la kubana mishipa ya damu wakati wa kazi, aliwahi kuondoa fibroidi zaidi ya 200 katika mji mmoja wa mimba, na mwaka 1946 alitoa kitabu chenye kueleza ufundi wake hatua kwa hatua. Namna ya kazi hiyo, kwa maneno ya jikoni, ni kama kupasua tunda upande mmoja, kutoa kokwa, kisha kulishona tunda lirudi kuwa zima.

Haya yalifikaje katika lugha yetu? Jibu fupi ni kwamba kwa muda mrefu hayakufika. Mwaka 1963 Tanganyika ilianza kuwafundisha madaktari wasaidizi, na hao ndio waliobeba mzigo wa kuwapasua wajawazito katika hospitali za wilaya kwa miongo mingi. Mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge, na serikali ikawa inafanya shughuli zake zaidi na zaidi kwa Kiswahili. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni kubwa ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio na vikundi vya kusoma, ikawafikia watu wapatao milioni mbili. Kampeni hiyo ilifanya kazi ya lugha ambayo sisi wa istilahi hatujaisifu inavyostahili: kichocho, safura, kifua kikuu, kuhara, choo cha shimo, maneno hayo yalitembea nchi nzima yakiwa na maana moja. Lakini somo lilikuwa juu ya maradhi yanayozuilika kwa usafi. Chumba cha upasuaji kilibaki nje ya somo. Waliokuwa ndani yake walisoma kwa Kiingereza, wakaandika kwa Kiingereza, na mgonjwa alipozinduka alielezwa kwa Kiswahili cha kubahatisha.

Hata neno operesheni lenyewe lilikuwa na mambo yake katika miaka hiyo. Ilikuwapo Operesheni Vijiji, na mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Kwa mkulima wa wakati ule, operesheni ilikuwa kwanza ni amri ya serikali ya kuhamisha nyumba, kabla ya kuwa kisu cha daktari. Labda ndiyo sababu wazee wa sehemu za Njombe tuliozungumza nao wanapendelea kusema kupasuliwa, au kisu tu: fulani alizaa kwa kisu.

Kisha mwaka 1987 ulifanyika mkutano wa kimataifa mjini Nairobi juu ya vifo vya akina mama, na kuanzia hapo Uzazi Salama ukawa msemo wa kliniki zote. Fomu na kadi zikatafsiriwa. Hapo ndipo swali la kuzaa kwa operesheni lilipopata nafasi ya kudumu, na kwa haki kabisa, kwa sababu makovu mengi ya mji wa mimba yalitokana na kuzaa. Idadi ya wanawake walioondolewa fibroidi na kubaki na kizazi ilikuwa ndogo, na wengi wao hawakurudi kliniki na mimba. Leo hali ni nyingine. Vipimo vya mawimbi ya sauti vimeenea, wapasuaji ni wengi zaidi, na wanawake wanaoanza kuzaa wakiwa wamepita miaka thelathini si wa kushangaza tena. Swali la kadi limebaki nyuma ya wanaoulizwa.

Tueleze basi kwa nini jibu la "hapana" lilikuwa la hatari. Mimba inapokua, ukuta wa mji hutanuka na kovu hutanuka pamoja nao. Kovu lililotokana na fibroidi iliyokuwa imening'inia nje kwa kikonyo ni dogo na halina neno. Kovu lililotokana na fibroidi iliyozama ndani ya ukuta, hasa ikiwa kisu kilifika hadi kwenye chumba cha ndani, ni kama kovu la kupasuliwa juu kwa urefu. Kovu hilo laweza kuachia wakati wa uchungu, na mara nyingine kabla ya uchungu, katika miezi ya mwisho. Si jambo la kila siku. Katika hesabu zilizokusanywa ni chini ya mmoja kati ya wanawake 100. Lakini linapotokea, maumivu huja ghafla, damu humwagika ndani ya tumbo, na muda wa kumwokoa mtoto huhesabiwa kwa dakika. Kwa hiyo wanawake wenye kovu la ndani aghalabu hupangiwa upasuaji katika wiki ya 37 au 38, na wengine huruhusiwa kuzaa kwa njia ya kawaida mradi wawe katika hospitali yenye chumba cha upasuaji kilicho tayari. Madaktari wengi hushauri pia mwanamke angoje miezi sita hadi mwaka mmoja baada ya kuondolewa fibroidi kabla ya kushika mimba. Mwanamke wa kijiji kilicho mbali na barabara, kwenye baridi na ukungu wa milima ya Njombe, hawezi kuzipanga siku hizo kama kadi yake haisemi ana kovu la namna gani.

Na hapa tunakutana na kitenzi pasua, ambacho kimebebeshwa mzigo wa watu watatu. Chupa ikipasuka, ni dalili ya kawaida kwamba mtoto yu njiani. Mama akipasuliwa, ni kazi ya daktari. Mji wa mimba ukipasuka, ni msiba. Tulipata kusikia, katika wodi moja, muuguzi akiuliza kwa simu, "Amepasuka au amepasuliwa?" na mwenzake akajibu, "Chupa." Walielewana kwa kuwa walizoeana. Mfasiri wa fomu hana bahati ya kuzoeana na msomaji wake.

Mapendekezo yetu si mengi. Katika maandishi tunapendelea mji wa mimba kuwa jina la kiungo, na kizazi kiachwe katika mazungumzo na katika istilahi zilizokwisha kuota mizizi kama shingo ya kizazi. Kuzing'oa hizo kungekuwa kazi bure. Kwa upasuaji wenyewe, mwenzetu mmoja alitaka ung'oaji fibroidi, akitoa hoja kwamba ndivyo daktari afanyavyo hasa. Akina mama tuliowajaribu nalo walishika matumbo. Utoaji nao ungekuwa rahisi, lakini kutoa kukikaa karibu na mimba huleta maana nyingine kabisa, ambayo hakuna mwanamke angependa isomeke katika kadi yake. Kwa hiyo tumebaki na uondoaji wa fibroidi, na tunashauri kwamba penye fomu ya ridhaa kuongezwe kila mara maneno kizazi kubaki, hata kama yanaonekana kurudia.

Lililo kubwa zaidi ni kovu. Tunapendekeza istilahi kovu la mji wa mimba iwe ndiyo kichwa cha habari katika kadi, na chini yake kuandikwe asili yake: kuzaa, fibroidi, au sababu nyingine, pamoja na mahali lilipo na kina chake ikiwa vinajulikana. Swali la mdomo liwe: "Umewahi kupasuliwa kizazi kwa sababu yoyote?" Tulilijaribu swali hili kwa akina mama kadhaa, Makambako na Njombe, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Yule wa kadi tuliyoanza nayo alicheka, akasema kama angeulizwa hivyo asingemsumbua mama mkwe.

Limebaki neno moja ambalo hatujakubaliana. Madaktari hutofautisha kupasuka kabisa kwa mji wa mimba na hali ya kovu kuachia kidogo kidogo, ukuta wa nje ukiwa bado umeshika. Kwa hali hii ya pili hatukuwa na jina. Tulikuwa tukihangaika na kuachana, kufunguka, na kutengana, mpaka mama mkwe yule, ambaye ni fundi wa cherehani, alipotueleza alichoogopa siku ile alipokuwa akingoja nje ya mlango. Alisema aliogopa mshono wa ndani usije ukafumuka. Nguo hufumuka kabla ya kuchanika. Kila fundi analijua hilo. Tumeandika kufumuka kwa kovu katika rasimu yetu. Wajumbe wawili wa upande wa tiba wanaona ni neno la cherehani mno, na kikao bado hakijalipitisha.